Zege Lililolala

Zuhura, mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua za zamani zilianza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Mimi mwili haujambo. Hofu yote iko huku.

Hatujaongea tangu Ijumaa. Nimepiga hukupokea, nikaacha, maana najijua: kwenye simu naongea kama mtu anayeagiza kokoto. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Kesho utapanda ndege Nairobi, na alasiri utashuka hapa Jeddah kubadilisha ndege ya kwenda Marekani. Wewe utakuwa Jeddah na mimi niko Jeddah, ila wewe utakuwa ndani ya ukumbi wa wanaopita njia, huna ruhusa ya kutoka, na mimi sina ruhusa ya kuingia. Anayeingia ni Mama Neema, Mkenya wa Machakos anayesafisha ukumbi huo. Nilipomwomba akupelekee barua alisema, "Baba Zuhura, mimi si posta. Nikishikwa na bahasha nitasema ni ya nani?"

Nikamwambia aseme ni ya mtoto wake.

Mtoto wake yuko kwa nyanyake tangu alipokuwa ananyonya. Kisha akasema, "Sawa, andika. Lakini usiniletee kitabu." Naona nimeshaanza kumkosea.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya pilipili kufungwa kwenye soksi ili mabegi yasinuke, mama yako amekwisha kukuambia, na mengine atakuambia mpaka mlangoni. Sitayagusa. Nataka turudi kwenye lile la Ijumaa, kwa sababu uliniambia neno na sikukujibu, na sitaki uvuke bahari na jibu la uongo nililokupa zamani.

Kwanza nikukumbushe tulivyofika pale. Uliponieleza mara ya kwanza habari ya serikali ya Marekani nilidhani unanitania.

"Baba, serikali imefungwa."

"Imefungwa na nani? Wamepinduliwa?"

"Imejifunga yenyewe. Wakubwa hawajakubaliana juu ya bajeti, kwa hiyo ofisi nyingi hazina ruhusa ya kutumia fedha. Wafanyakazi wamerudishwa nyumbani."

"Na askari?"

"Askari wapo."

"Basi haijafungwa. Imefunga duka ikabakiza mlinzi."

Ulicheka sana. Kisha ukaanza kunifundisha, na mimi napenda ukinifundisha, ingawa sikuonyeshi. Ulisema chuo unachokwenda chenyewe hakifungwi, wanafunzi wanaingia darasani kama kawaida. Zilizofungwa ni ofisi zinazotoa fedha za utafiti. Mradi ambao fedha zake zilishaingia chuoni unaendelea kula akiba yake. Mradi uliokuwa unangoja saini, unangoja. Wataalamu waliokuwa wakutane kuamua nani apewe na nani akose, vikao vyao vimefutwa. Ukiandika kuuliza, mashine inakujibu kwamba mhusika hayupo na haruhusiwi hata kusoma ulichoandika. Chuo kikubwa chenye mfuko mnene kinaweza kumbeba mtafiti wake kwa muda. Kidogo hakiwezi. Na hata wakifungua, ulisema, si kwamba fedha zinatoka kesho yake, kwa sababu kuna foleni ya yote yaliyolala, na kila mtu anadhani yeye ndiye wa mbele.

Nilikuwa nakusikiliza huku jasho linanitoka, na ni Januari, hata Jeddah kuna upepo. Kila ulichosema nilikuwa nimekwisha kukiona, ila mimi nilikiona kwa Kiarabu.

Halafu Ijumaa ukanisomea alichoandika profesa wako, yule mama wa mihogo. Fedha za mradi wenu zimekubaliwa lakini hazijasainiwa, na wa kusaini wako majumbani kwao. Akasema, njoo, tutakubeba muhula mmoja, baada ya hapo tutaona.

Nikakuuliza, "Tutakubeba, sisi nani?"

"Sisi chuo, baba. Sisi maabara."

"Chuo au maabara? Nani ameandika jina lake?"

"Baba, huyu ni profesa. Hawezi kunidanganya."

"Sijasema mwongo. Nimeuliza nani."

Ndipo nikasema lile neno. Usiende. Subiri wafungue kwanza.

Hapo ukasema polepole, kwa sauti ya bibi yako kabisa: "Bibi alikuita mpaka sauti ikamwisha, hukuja. Ulisema kazi imekubana. Leo mimi nimepata kazi, unaniambia nikae." Ukakata.

Sikukasirika. Ungekuwa umenionea ningekasirika.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mama yako anajua. Nilimwomba asiseme, akatii, na nadhani imemgharimu kwako, maana ulikuwa unamwona akinitetea na hana hoja.

Wakati ule nilikuwa Riyadh, na nililala Al-Murabba, jengo la zamani upande wa Batha, vitanda juu ya vitanda, Wahindi, Wapakistani, Wabangali, na sisi Waafrika chumba cha mwisho karibu na choo. Ilikuwa ndiyo miaka nchi hii ilipoanza kujipanga upya. Siku hizi watu wanaona sinema na wanawake wanaendesha magari, wanasema mageuzi. Sisi tuliyaona mageuzi kuanzia chini. Bei ya mafuta ilianguka, serikali ikasimamisha malipo ya miradi ili ihesabu upya, na haikutangaza kwamba imefunga. Tulijua kwa dalili. Kwanza nyama ilitoka kwenye wali. Halafu basi la kazini likakosa dizeli, tukawa tunakwenda kwa miguu. Halafu mishahara. Muhandisi wetu alikuwa Mmisri, mtu mwema, kila tulipomuuliza alisema, "Bukra, kesho, inshallah. Serikali ikitulipa sisi, sisi tutawalipa ninyi." Nadhani aliamini kila mara. Mtu anayekudanganya unaweza kumkimbia. Yule anayeamini anachokuambia ndiye anayekukalisha.

Tulikuwa tunajenga jengo la serikali, wengine walisema hospitali, wengine wizara, sikuwahi kujua. Siku moja tulianza kumwaga jamvi kubwa, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza. Unaujua msemo wa mafundi kwetu, zege halilali. Watu wanautumia kwenye mapenzi na siasa, lakini kwa fundi si msemo, ni sheria. Ukianza kumwaga huliachi mpaka umemaliza, kwa sababu la leo likishakauka na ukaja kumwaga jipya kesho, hayashikani. Yanakaa pamoja kama majirani, hayawi ndugu.

Tulimwaga tangu alfajiri. Magari ya zege yakawa yanakuja moja baada ya jingine, pampu inanguruma, muhandisi anapiga kelele yalla, yalla. Kufika katikati, gari moja likaondoka na jingine halikuja. Tukangoja. Muhandisi akapiga simu, akapiga tena. Mwenye magari alikuwa amechoka kumwaga zege la ahadi. Nilijua mambo yameharibika nilipomwona muhandisi anakaa chini juu ya nondo, na suruali yake nyeupe. Akasema, "Halas," basi, imekwisha. Si kwa hasira. Tukaosha makoleo tukaondoka, na jamvi likabaki nusu, ukingo wake umechongoka kama mkate uliokatwa kwa mikono.

Kesho yake tukaambiwa kazi imesimama, tukae bwenini tungoje.

Sasa sikiliza kosa langu, maana si kosa la ulevi wala la wanawake, ambalo ungelielewa upesi. Zege likishamwagwa linataka maji. Kwa jua la Riyadh, usipolimwagilia siku zile za kwanza linapasuka lote. Nilikaa kitandani asubuhi ile nikawa nalisikia. Utasema zege halina sauti. Mimi nililisikia. Nikaondoka kwa miguu mpaka kule, nikamsihi mlinzi, Mpakistani, akanifungulia. Nikatandika magunia juu ya lile nusu jamvi, nikafungua mpira wa maji, nikamwagilia. Kesho yake tena. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyekuwa ananilipa.

Chumbani alikuwako kijana wa Kisumu, Ouma, kitanda cha juu yangu. Alinicheka mpaka akakaribia kuanguka. "Mzee wa Zege, hiyo simiti ni ya mamako? Serikali yao imeshindwa kulipa, wewe wa Muheza ndio unawasaidia na maji?"

Nikamwambia simiti haijui nani hajalipa.

"Simiti haijui, lakini wewe si unajua?"

Wakati huo ikama zetu, vibali vya kukaa nchini, zilikuwa zinaisha. Kampuni ndiyo inayolipia ikama, na kampuni haina kitu, kwa hiyo haikulipia. Kila mtu bwenini alikuwa anauliza mshahara. Asubuhi mshahara, jioni mshahara. Mzee mmoja Mhindi wa Kerala peke yake ndiye aliyekuwa akiuliza ikama. Tulimwona mjinga. Tulisema, hana njaa huyu. Kumbe mshahara ukichelewa unabaki wako, unaweza kuudai hata baada ya miaka. Ikama ikifa, huna hata miguu ya kwenda kudai. Huwezi kuhama kazi. Huwezi kutoka nchini. Unakuwa mkosaji kwa kosa la mtu mwingine aliyekosa kulipwa na mtu mwingine tena.

Zikaanza kuvuma habari kwamba maofisa wa wizara ya kazi wanapita mabwenini. Anayetaka kuhamia kwa kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini, anahamishwa hapohapo, kampuni itake isitake. Anayetaka kwenda kwao anapewa kibali cha kutoka. Kila siku tuliambiwa wanakuja, kila siku hawakuja. Asubuhi moja nimeshavaa kandambili za kwenda kumwagilia, Ouma akaniambia kutoka kitandani, bila kucheka safari hii, "Mzee, kaa leo. Leo wanakuja, nimeskia kwa mtu."

Nikamjibu, "Hata jana ulisikia." Nikatoka.

Walikuja. Walikaa kwenye veranda na meza zao, wakawahamisha wote waliokuwapo, Ouma akaenda kuendesha gari la maji kwa kafili mpya, mzee wa Kerala akachagua kwenda kwao. Niliporudi, suruali imelowa mpaka magotini, meza zilikuwa zimeondoka. Nikaambiwa watapita tena. Nikasema inshallah.

Baada ya hapo ndipo bibi yako alipoanguka.

Hilo ndilo ulilokuwa hulijui. Kazi haikunibana, kazi haikuwapo. Nilikuwa mtu asiye na karatasi, naosha magari ya watu Batha kwa siri, na nimewahi kukimbia askari nikiwa nimeshika ndoo, na maji yake, sijui kwa nini sikuyamwaga. Mama yako alipokuwa anakuwekea simu mkononi, nawe unasema, baba, bibi anakuuliza utakuja lini, nilikuwa nimesimama nyuma ya jalala. Nikasema kazi. Ningesema nini? Kwamba baba yako hawezi kuondoka kwa sababu siku ya kuondoka alikuwa anamwagilia sakafu? Niliona bora unione mpenda fedha kuliko unione mpumbavu. Mpenda fedha angalau watu wanamsalimia.

Wewe ndiye uliyemlisha uji. Wewe ndiye uliyemgeuza. Yeye alikuita somo, kwa kuwa nilikupa jina lake, na mimi nikikuita mama nilikuwa nawaita wawili kwa mara moja. Kwenye arobaini yake watu walikuuliza baba yuko wapi, na ukajibu, kazi imembana, ukiwa na uso mkavu, hivyo ndivyo alivyonieleza mama yako. Ulinibebea uongo wangu mbele ya watu. Maofisa walirudi baadaye, wakaninyooshea karatasi, nikapata kafili wa huku Jeddah, bandarini. Yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tangu Ijumaa nimekuwa najiuliza kwa nini nilikuambia usiende, maana mimi ndiye niliyekuwa nakusukuma usome. Nilifikiri ni kwa sababu naijua serikali isiyolipa. Kisha mama yako akanisimulia jambo ambalo wewe hukunisimulia.

Amesema tangu mradi usimame, mafundi wa maabara pale kwenye kituo chenu cha utafiti wameambiwa wakae nyumbani, kwa sababu mshahara wao ulitoka Marekani kwa bomba lilelile. Na kwamba wewe, ambaye mkataba wako nao umesimama, ulimwomba mlinzi ufunguo, na unakwenda kila siku kukatakata vile vimea vya mihogo na kuvihamishia kwenye vichupa vipya, kwa kuwa visipohamishwa kwa wakati vinakufa, na vikifa ni miaka ya watu imekufa. Mama yako alinisimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa. "Anakwenda bure," akasema. "Hata nauli anatoa mwenyewe. Sijui amerithi wapi."

Nilicheka, Zuhura. Nilicheka peke yangu katikati ya makontena mpaka mudiri, msimamizi wetu, akanitazama. Halafu nikaenda nyuma ya makontena nikakaa chini juu ya kamba.

Nakukumbuka ulipokuwa mdogo, unapanda pingili za muhogo kichwa chini miguu juu kwenye shamba la bibi, naye anakuzaba kibao kidogo cha mkono anakuambia, itaota ikielekea kuzimu. Nakumbuka na mwaka ule tulipochimba mihogo yake, juu majani mazima kabisa, chini tukikata kila mzizi una ile michirizi ya kahawia, umeoza ndani kama jino. Alikata mmoja, akakata wa pili, wa tatu, akaketi palepale shambani. Wewe ukauliza, nani ameingia ndani bila kutoboa? Watu wazima tulikuwa tunahesabu njaa, wewe ukauliza hivyo. Najua unakwenda kumtafuta huyo aliyeingia bila kutoboa. Sikuwahi kukuambia kwamba najua.

Basi nikaelewa nilichokifanya Ijumaa. Nilikuambia subiri wafungue. Lakini kusubiri ndiko kulikonimaliza mimi. Nilikuwa nakupa ugonjwa wangu nikidhani ni dawa.

Nikuambie na mwisho wa lile jamvi, maana ni haki yako. Fedha za serikali zilirudi baada ya muda, kampuni nyingine ikaja. Ouma alipita na gari lake la maji akaniachia ujumbe wa sauti, na kwa kawaida yeye hawezi kuongea bila dhihaka, lakini safari hiyo aliongea kama anatoa pole. "Mzee, nimepita pale kwako. Wamevunja yote. Hata ile nusu yako." Wahandisi wapya walikuja, wakaona maungio hayafai, wakaleta nyundo za umeme, wakaanza upya. Zege langu halikuwa na ufa hata mmoja. Wamelivunja bila ufa.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba kazi njema hailali bure, kwa sababu nimeiona imelala na imevunjwa. Siwezi pia kukuambia usimwagilie, maana hungenisikia, na mimi mwenyewe, wakinirudisha asubuhi ile na ule mpira wa maji, sijui. Kweli sijui. Ninachojua ni hiki kidogo. Kabla hujatoka kwenda kumwagilia, uliza leo nani anakuja bwenini. Wakifungua serikali yao kuna vichupa vitakavyokuwa vimechelewa, vitatupwa, vya kwako au vya mwenzako, na hakuna atakayelia. Vikitupwa, usitupwe navyo.

Wewe kule ikama yako ni chuo. Umenieleza mwenyewe: mwanafunzi mgeni anakaa kwa sababu chuo kimeandika kwamba ni wake na kwamba kuna anayemlipia. Haruhusiwi kwenda kuosha vyombo mjini fedha zikikauka. Watu watakuambia, wote wanafanya. Na sisi wote tuliosha magari. Profesa wako ni mwema, naamini, na muhandisi wangu alikuwa mwema. Siku fedha zikichelewa, wenzako wenyeji watauliza mshahara, na wana haki, wako kwao. Wewe usiulize mshahara kwanza. Kuwa mzee wa Kerala, hata wakikuona mjinga.

Kuna jambo moja nakuomba ufanye hapohapo ulipoketi, kabla hawajaita ndege yako. Jeddah ikiwa alasiri, kule kwao ndiyo asubuhi, watu wanafika kazini, na chuo umesema hakijafungwa. Mwandikie profesa kwa hicho Kiingereza chako kizuri. Muulize, muhula ukiisha na fedha hazijafika, ni ofisi gani ya chuo itakayoendelea kuniandika kwamba mimi ni mwanafunzi wenu, na nani ataniandikia hivyo kwa jina lake? Usiogope kuonekana huna imani. Mtu mwema akiulizwa nani, hakasiriki, hutafuta jina. Inawezekana hakuwahi kulifikiri. Inawezekana swali lako ndilo litakalomwinua kwenda kugonga mlango ambao hajaugonga. Na akikutajia jina, kwamba mwaka huu utafundisha wanafunzi wapya badala ya kukaa maabara, au chuo kitakubeba kwa mfuko wake, kubali na usione umeshushwa. Utakuwa ndani. Aliye ndani ataona fedha zikirudi.

Akikujibu tutaona, hapo sina la kukuchagulia. Panda, au geuka. Ukipanda, panda ukijua unapanda juu ya tutaona, na siku ya kwanza kabla hujagusa kichupa chochote nenda kwenye ofisi ya wanafunzi wageni, keti mpaka mtu akuandikie. Ukigeuka, hutakuta mtu nyumbani wa kukucheka, nimekwisha kuongea na mama yako. Radhi yangu nimekupa kwa njia zote mbili. Nimekupa leo, nikiwa na akili zangu, si kwa kuwa unaondoka na sina budi. Ijumaa niliizuia kwa woga, na radhi haizuiliwi kwa woga.

Ila ukiniuliza moyo wangu, nataka upande.

Mama Neema atasimama karibu nawe na mashine yake ya kupigia deki, ajifanye kuna doa. Usimkumbatie, atafukuzwa. Mwambie tu umesoma au hukusoma, atanipigia akitoka. Na kama profesa atakuwa amejibu, mwambie amemtaja nani. Amenikumbusha nisizidishe, naye yuko hapa nje ya geti anaingoja bahasha apande gari la kazini, nasikia anaongea na dereva kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

Najua utajiuliza kwa nini, kama niko mji huuhuu, sikuja angalau nisimame nje ya jengo, upande ule ambako watu wanaegesha magari na unaweza kuona vioo vya ukumbi kwa mbali. Niliomba. Nimemwomba mudiri mara mbili, nikamwambia ni binti yangu, anapita mara moja. Kuna meli imefunga gati leo asubuhi, itapakuliwa mpaka kesho, watu hawatoshi. Amesema mafi ijaza, hakuna likizo kwa mtu yeyote. Ningeweza kutoroka, lakini ikama yangu iko mkononi mwake na nimekwisha kukuambia yanayompata mtu aliyetoka siku isiyofaa.

Safari hii, mama, ni kazi kweli.

Baba yako,
Hamisi